Kutembea kwa Miguu Katika Mji wa Elimu: Kutoka Boma la Meru Hadi Nchiru

(Haya ni maneno ya hotuba iliyotayarishwa kwa ajili ya wazazi na vijana wa Meru na Embu. Yanachapishwa hapa kwa ukamilifu ili wale wakaao mbali nao wapate kuyasoma.)



Wahenga walisema, "Tembea uone." Hawakusema panda motokaa uone, wala simama dirishani uone. Walijua kwamba mguu huenda pole pole, na jicho la mtu aendaye pole pole huona mengi ambayo mwenye haraka huyapita.

Kule Uingereza kuna miji miwili, Oxford na Cambridge, ambayo watu hutoka pande zote za dunia kwenda kuitazama kwa sababu ya vyuo vyake vikuu. Mgeni afikapo huambiwa aiache motokaa yake na kumfuata kiongozi kwa miguu. Hupita vichochoroni, huingia ua huu na ua ule, huonyeshwa malango ya mawe yaliyojengwa karne nyingi zilizopita, na vyumba walimokaa watu mashuhuri walipokuwa bado vijana wasiojulikana. Baada ya saa mbili mgeni hufahamu jambo moja, kwamba chuo kikuu si nyumba tu. Ni mapatano ya muda mrefu baina ya watu wanaotafuta elimu na watu wenye mji.

Swali ni hili: Je, safari kama hiyo yaweza kufanywa hapa petu, chini ya mlima huu ambao Waembu huuita Kirinyaga na Wameru huuita Kirimaara? Wengi watajibu kwamba haiwezekani, kwa kuwa vyuo vya hapa ni vya juzi tu. Hotuba hii yakusudia kuonyesha kwamba yawezekana, tena kwamba yampasa kila mzazi mwenye mtoto shuleni kuifanya angalau mara moja.

Kwanza yafaa kukumbuka hali ilivyokuwa. Katika miaka ya 1940 kijana wa Meru au Embu aliyetaka elimu ya juu hakuwa na chuo kikuu hata kimoja katika Kenya nzima. Akibahatika kupita mitihani, alikwenda shule ya Alliance iliyofunguliwa Kikuyu mwaka wa 1926, na kutoka huko, akibahatika tena, alikwenda Makerere, chuo kilichoanzishwa mwaka wa 1922. Alipanda lori mpaka kituo cha reli, kisha garimoshi mpaka Kampala, maana reli ilikuwa imefika huko mwaka wa 1931. Wazazi wake walimwaga kama watu wamwagao msafiri wa ng'ambo. Barua ilichukua siku nyingi njiani, na mama hakujua mwanawe alala wapi.

Leo mambo ni mengine. Mtu akianza safari Embu, akafuata barabara inayozunguka mlima upande wa mashariki mpaka Meru, hukuta vyuo vikuu vinne. Pale Embu, chuo cha kuwafundisha watumishi wa kilimo kilichoanzishwa mwaka wa 1947 kilifanywa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa 2011, na mwaka wa 2016 kikapata hati yake chenyewe, kikaitwa Chuo Kikuu cha Embu. Mbele yake, Ndagani karibu na mji wa Chuka, tawi la Chuo Kikuu cha Egerton lililofunguliwa mwaka wa 2004 lilikua mpaka likawa Chuo Kikuu cha Chuka mwaka wa 2013. Viwili vilivyobaki viko Meru, na ndivyo vitakavyotembelewa katika hotuba hii, kwa kuwa njia iunganishayo vyuo hivyo yaweza kutembewa kwa miguu kwa siku moja.

Mtembezi na aanze asubuhi, jua likiwa bado halijawa kali, mbele ya Makumbusho ya Meru. Nyumba hiyo ilijengwa mwaka wa 1916 ikiwa ofisi ya D.C., na ndiyo nyumba ya mawe iliyo ya kale kuliko zote mjini. Wazee wa zamani waliifahamu kuwa mahali pa kodi, mashauri na amri. Mwaka wa 1974 ilifunguliwa kuwa makumbusho. Humo mnatunzwa vitu vya Wameru wa kale, na nje kuna mfano wa boma la kimila. Hapo palipokuwa pa kuogopwa, watoto wa shule huingia sasa wakiwa wameshikana mikono, na mwalimu huwaonyesha mambo ambayo babu zao hawakuhitaji kuonyeshwa.

Boma la Serikali lilianzishwa Meru mwaka wa 1908 na Bwana E. B. Horne. Wenyeji walimpa jina la Kangangi, na yasemekana maana yake ni mtembezi mdogo, kwa kuwa alikuwa mtu mfupi asiyetulia mahali pamoja. Basi mji huu tangu mwanzo wake una jina la mtembezi ndani yake.

Lakini Wameru walikuwa watembezi kabla ya Kangangi. Wazee husimulia kwamba asili yao ni mahali paitwapo Mbwaa, penye maji makubwa, na wako wataalamu wanaodhani kuwa Mbwaa ni pwani ya kaskazini, karibu na kisiwa cha Manda na mji wa Lamu. Huko, yasimuliwa, walitawaliwa na watu wa nguo nyekundu, waliowatumikisha na kuwapa majaribu mazito. Waliambiwa walete kiatu cha ngozi chenye manyoya pande zote mbili. Walifikiri sana, kisha wakakata ngozi ya shingo ya ng'ombe ining'iniayo, ambayo ina manyoya huku na huku. Waliambiwa walete mavi meupe ya ng'ombe. Walimnywesha ndama maziwa matupu, na neno hilo nalo likatimia. Mwisho waliambiwa watengeneze mkuki ufikao mbinguni. Hapo walitambua kwamba bwana wao hakutaka jibu, alitaka kuwaangamiza. Wakaondoka usiku, wakavuka maji, wakatembea mpaka wakafika penye mlima.

Kijana aliye katika darasa la mitihani na aitafakari hadithi hii. Wazee wake walipewa mitihani mitatu. Miwili waliijibu kwa akili, na wa tatu waliujibu kwa miguu. Kujua swali lipi ni la kujibiwa na lipi ni la kukimbiwa, hiyo nayo ni elimu, tena elimu isiyotolewa cheti.

Mtembezi akitoka makumbusho hupita katikati ya mji, penye maduka, benki, magari ya abiria na vijana wa pikipiki wanaoita wateja. Mto Kathita hushuka karibu kutoka mlimani. Kilomita chache upande wa kusini ndipo ukanda wa ikweta unapoikata barabara ya kwenda Embu. Yeye huelekea upande wa kaskazini, hupita Makutano, na baadaye hufika Kaaga.

Kaaga ni mahali pa kusimama na kupumzika, kwa kuwa ndipo elimu ya vitabu ilipoanzia katika sehemu hizi. Yasimuliwa kwamba jina hilo latokana na neno la Kimeru lenye maana ya waganga, na kwamba watu wa kale walipaogopa mahali hapo. Wamisionari wa Kimethodisti, ambao ndugu zao walikuwa Ribe karibu na Mombasa tangu mwaka wa 1862, walifika Meru kabla ya Vita Kuu ya 1914, na Kaaga ndiko walikopewa pa kukaa. Huenda wenyeji walidhani kwamba wageni hao hawatadumu. Lakini walidumu, wakafungua shule, na vijana wachache wakaja, baadhi yao wakikatazwa na baba zao.

Wakati huo huo misheni nyingine zilishika sehemu nyingine. Waanglikana walikuwa Kigari katika Embu, Wakatoliki wa Consolata walikuwa na vituo vyao, na mwaka wa 1922 Daktari Archibald Irvine wa misheni ya Scotland alianza kazi Chogoria. Kila kituo kilikuwa na kanisa, mahali pa dawa na darasa. Wanafunzi wa kwanza walikaa chini, wakaandika juu ya vibao. Baadhi yao walikuwa watu wazima wenye wake na mashamba.

Hivi leo, huko huko Kaaga, pana Chuo Kikuu cha Kimethodisti cha Kenya, kilichofunguliwa mwaka wa 1997 na kupewa hati mwaka wa 2006. Mtembezi asimamapo langoni huona wanafunzi wakitoka na kuingia, wengine wakisoma uuguzi, wengine biashara, wengine ualimu. Kati ya vibao vile na kompyuta hizi hazijapita hata karne moja na nusu. Oxford walihitaji zaidi ya miaka mia nane kufika hapo walipo. Jambo hili lisimfanye mtu kujivuna. Bali limwonye kwamba kilichopandwa kwa haraka chahitaji kupaliliwa kwa bidii.

Kutoka Kaaga, barabara ya Maua hupita kati ya mashamba. Kuna migomba, kahawa, mahindi na maharage, na ng'ombe wa maziwa waliofungwa karibu na nyumba. Kwa jumla, kutoka mjini mpaka Nchiru ni kama kilomita kumi na tano. Mtu mwenye afya huzitembea kwa muda wa saa nne, akipumzika njiani kwa chai.

Nchiru ndipo mwisho wa safari, na ndipo penye moyo wake. Hapo ipo nyumba ya Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee wa Wameru. Mzee hakuingia katika baraza hilo kwa sababu ya mvi tu. Alichunguzwa mwenendo wake, akatoa mali iliyopasa, akala kiapo. Njuri waliamua kesi kubwa, walitunga sheria, walilinda misitu na mipaka, na walipatanisha koo zilizogombana. Katika miaka ya 1930 D.C. mmoja, Bwana H. E. Lambert, aliyefanya kazi Meru na Embu, alitambua kwamba nchi haiwezi kutawaliwa vema kwa kuwapita wazee hawa, akafanya juhudi ili Serikali ilitambue baraza lao. Ndiye Lambert yule yule ambaye baadaye aliandika juu ya lahaja za Kiswahili za pwani, Kivumba, Kijomvu na Kichifundi. Alijifunza kwa kuketi na kusikiliza, na hiyo ni njia ambayo bado haijapata nyingine ya kuizidi.

Karibu na nyumba hiyo ya wazee kimejengwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru. Kilianza mwaka wa 1983 kikiwa chuo cha ufundi, kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta mwaka wa 2008, na mwaka wa 2013 kikapewa hati yake. Ardhi yake, ambayo ni zaidi ya eka 600, ilitolewa na Njuri Ncheke.

Mtembezi na alifikirie neno hilo. Katika nchi ya Meru, kama katika Embu, ardhi ni jambo la kufa na kupona. Ndugu wa tumbo moja hushtakiana kwa ajili ya mpaka wa hatua tatu. Hata hivyo wazee, ambao wengi wao hawakupata kuingia darasani, walitoa eka mia kadhaa ili wajukuu wao, na wajukuu wa watu wasiowajua, wapate kusoma hesabu na sayansi. Katika nyumba yao wenyewe walikaa wanaume tu. Katika chuo kilicho juu ya ardhi yao, wasichana na wavulana huketi benchi moja. Si rahisi kwa mtu kutoa mahali pake kwa ajili ya desturi isiyo yake, na walitoa.

Sasa hapana budi kusemwa jambo zito, kwa kuwa safari ya kweli haipiti mbali na makaburi. Mwezi wa Februari 2018, siku ambayo wanafunzi wa Nchiru walikuwa wakiandamana kwa ajili ya karo na mambo mengine ya chuo, kiongozi mmoja wa wanafunzi aliuawa kwa risasi karibu na hapo. Alikuwa kijana aliyetumwa na wazazi wake kutafuta elimu. Alirudishwa kwao ndani ya sanduku. Nchi nzima ilisikitika, na maswali yakaulizwa katika magazeti na katika mabaraza.

Watu wa Oxford wanayajua mambo ya namna hii. Tarehe 10 Februari 1355, wanachuo walilalamika katika nyumba ya pombe kwamba divai ilikuwa mbaya. Maneno yaligeuka ngumi, na ngumi zikageuka mishale. Wenyeji wa mji na wa vijiji vya jirani waliwashambulia wanachuo kwa muda wa siku tatu, na yasemekana wanachuo 63 walikufa, pamoja na wenyeji wengi. Kwa sababu hiyo, kila mwaka siku hiyo hiyo, meya na wakuu wa mji walilazimishwa kwenda kanisani na kutoa peni 63, moja kwa kila mwanachuo aliyekufa. Desturi hiyo ya aibu iliendelea mpaka mwaka wa 1825, na upatanisho kamili ulifanywa mwaka wa 1955, baada ya miaka mia sita. Hata Cambridge yenyewe ilianza namna hiyo, maana mwaka wa 1209 ugomvi wa damu uliwafukuza baadhi ya wanachuo wa Oxford, nao wakakimbilia huko wakaanza kufundisha.

Mambo ya Oxford na ya Nchiru si sawa. Kule walipigana wanachuo na wenyeji. Hapa shida ilikuwa ya karo, utawala na askari. Lakini fundisho ni moja. Chuo kinapowekwa penye watu, huletwa pamoja vijana wenye damu moto, wakubwa wenye amri, na majirani wenye kupangisha vyumba na kuuza chakula. Wasipokuwa na mahali pa kuzungumza, huzungumza njiani, na maneno ya njiani huisha kwa mawe na risasi. Hasira ya alasiri moja yaweza kulipwa kwa miaka mia sita.

Hapo ndipo nyumba ya wazee na nyumba ya wasomi zinapopaswa kutazamana. Njuri walikuwa na kanuni kwamba shauri husikilizwa mpaka liishe, na kwamba mzee hasemi kwa ghadhabu mbele ya baraza. Wanafunzi wanayo sayansi ya leo. Hawa wana kitu cha kuwapa wale, na wale wana kitu cha kuwapa hawa. Mwenye nyumba anayepandisha kodi ya chumba kila muhula na akumbuke kwamba chuo kile hakikununuliwa, kilipewa. Mwanafunzi anayetaka kuvunja kioo cha duka na akumbuke jambo hilo hilo. Mkuu anayefunga mlango wa ofisi yake wanafunzi wajapo na malalamiko na alikumbuke zaidi ya wote. Na askari aitwaye kutuliza fujo na ajue kwamba mbele yake wamo watoto walioletwa hapo na wazazi wao kwa mapenzi.

Kwa wale watakaopenda kuifanya safari hii, kuna maneno machache ya kufaa. Yafaa kuepuka miezi ya mvua nyingi, yaani Aprili na Novemba, maana udongo mwekundu wa Meru huteleza sana. Mtu avae viatu vya kutembelea, si vya kwendea harusini. Afikapo Nchiru asiingie katika nyumba ya Njuri kwa ghafula, wala asipige picha, bali aombe idhini kwanza kwa wale wanaoitunza, kwa kuwa ni mahali pa heshima. Akiwa na watoto awaache waulize maswali, na akikutana na mzee awaambie wamwamkie, kisha anyamaze amsikilize.

Na mzazi asiyeweza kutembea njia yote asikate tamaa. Aliye Embu na aende Chuo Kikuu cha Embu, aulize watumishi wa kilimo wa mwaka wa 1947 walifundishwa nini. Aliye Chuka na aende Ndagani. La maana ni kwamba mtoto asikione chuo kwa mara ya kwanza siku ya kuandikishwa, kana kwamba ni nchi ya kigeni, bali akijue mapema kuwa ni mahali pa kwao, palipojengwa juu ya ardhi ya babu zake kwa ajili yake.

Watu wa Mbwaa walitembea usiku, wakivuka maji, ili watoto wao wapate kuwa huru. Wanafunzi wa kwanza wa Kaaga walitembea kwenda kwenye vibao vyao wakikatazwa na baba zao. Wa Makerere walikwenda safari ya siku nyingi. Mtoto wa leo hutembea saa chache tu, na njia imekwisha kusafishwa. Mwacha asili ni mtumwa. Basi yule aijuaye njia waliyopita wenzake hataharibu kile alichokikuta mwisho wake.